Jiwe Linalopotea Majini

Sijasamehe. Naanza na hilo ili anayesoma asikae akingoja moyo wangu ulainike kwenye ukurasa wa mwisho.

Nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Kabondo, Kisangani. Ni shule ileile niliyosomea, na ndiyo shule aliyofanyia kazi baba yangu mpaka asubuhi ile alipofukuzwa mbele ya bendera. Cheo chake kilikuwa préparateur. Kazi yake ilikuwa kuosha mirija ya kioo, kupanga chupa za dawa, kuandaa majaribio kabla mwalimu hajaingia darasani, na kutunza kabati la mawe.

Kabati hilo liliachwa na mapadri walioanzisha shule. Lilikuwa na milango ya vioo na droo za mbao, na ndani yake mawe kama sitini, kila moja limepakwa doa dogo la rangi nyeupe na juu yake namba kwa wino mweusi. Wakati wa vita, askari waliingia shuleni wakabeba mizani, hadubini, viti, hata mabomba ya maji. Mawe wakayaacha. Baba alisema kuanzia siku ile ndipo alipoanza kuyapenda, kwa sababu yalikuwa kitu pekee shuleni ambacho mtu mwenye bunduki hakujua thamani yake. Alinunua daftari gumu akaanza kuyaandika moja baada ya jingine: namba, jina, lilikotoka, rangi yake, na alama yoyote ambayo jiwe jingine halina. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Alifanya nyumbani, mezani petu, baada ya kula.

Jiwe alilolipenda kuliko yote halikuwa zuri. Lilikuwa jeupe la kuchafuka, kubwa kama ngumi ya mtu mzima, na lilionekana kama kipande cha chumvi kilicholowa. Ukilishika lilikuwa kama limepakwa mafuta kidogo. Jina lake kriolite, yaani jiwe la barafu. Nilipokuwa na miaka kumi alinipeleka maabara Jumamosi moja, akajaza maji kwenye chupa pana ya kioo, akalitumbukiza taratibu.

“Angalia muzuri,” akasema. “Iko ao haiko?”

Niliangalia. Kwanza niliona jiwe, kisha maji yalipoingia kwenye nyufa zake likaanza kunitoka machoni. Ukikaza macho ungeona kitu kama utelezi, basi. Katikati ya maji palibaki vidoa vitatu vya kahawia na chembe moja ya kung’aa kama risasi, vimening’inia peke yao bila kushikwa na chochote.

“Haiko,” nikasema.

“Tia mukono.”

Nikatia mkono, nikalishika. Nilicheka mpaka baba naye akacheka. Akanieleza kwamba mwanga ukiingia katika kioo au katika kokoto hupinda, na kule kupinda ndiko kunakofanya tuone mwisho wa kitu. Lakini kriolite hupindisha mwanga karibu sawasawa na maji. “Mwangaza unatoka mu maji, unaingia mu jiwe, na haujue kama umeingia.” Vile vidoa vya kahawia vilikuwa madini mengine, ya chuma, yaliyozaliwa ndani ya jiwe. Ndiyo maana vilibaki kuonekana.

Akanionyesha jambo jingine. Alibandua kipande chembamba kama ukucha kutoka kwenye kona moja, kona aliyokuwa akiitumia kila mwaka kwa darasa la tano, akakishika kwa koleo juu ya mshumaa. Barafu huogopa jua, alisema, na hili jiwe linaloitwa la barafu haliogopi jua hata la Kisangani. Lakini linaogopa mshumaa. Ncha yake ikalainika, ikawa tone, na ulimi wa moto ukageuka manjano kama kiini cha yai. Alisema ile manjano ni sodiamu. Pamoja na sodiamu kuna alumini, na kuna florini, ile wanayoitaja kwenye dawa ya meno. Mawe yenye florini yapo mengi duniani, lakini hili ni adimu. Lilichimbwa kwa wingi mahali pamoja tu, Groenland, pembeni ya bahari ya baridi, na huko walilichimba mpaka likaisha na shimo likajaa maji. Lilitakiwa sana kwa sababu unga wa madini ya alumini hauyeyuki kwa moto wa kawaida wa kiwandani, lakini ukiutia ndani ya kriolite iliyoyeyuka, unakubali.

“Bila hii jiwe, mama yako angepika sombe mu chungu cha udongo,” alisema, akimaanisha sufuria zetu za alumini. Baadaye viwanda vikajifunza kutengeneza kriolite yao wenyewe, na ile ya ardhini ikasahauliwa. “Hii yetu ikivunjika, hatupate ingine.”

Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu watu wengi wa Kabondo wanajua kwamba baba yangu aliitwa mwizi wa mawe, na wachache wanajua mawe yenyewe yalikuwa nini.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari. Wakati wa likizo ya Pasaka, mgeni mmoja kutoka Kinshasa alikuja kumtembelea prefe, mkuu wa shule yetu. Alikuja na gari safi, akakaa siku mbili. Funguo za maabara zilikuwa mbili: moja kwa baba, moja kwa prefe. Tuliporudi kutoka likizo baba alifungua kabati akakuta mawe kumi na mawili hayapo. Malakiti ya kijani iliyokuwa kubwa kama papai haikuwepo. Quartz yenye mshipa wa dhahabu haikuwepo. Na kriolite haikuwepo. Baba alikaa chini akaandika ripoti, akiorodhesha mawe yote kumi na mawili kwa namba na jina, akampelekea prefe siku ileile. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa habari.

Baada ya siku mbili, asubuhi, tulikuwa kwenye mistari mbele ya bendera, sare za bluu na nyeupe. Wimbo ulipokwisha prefe alimwita baba asogee mbele.

“Batoto,” prefe alisema, “mawe ya shule yenu yameibiwa. Mwizi hakutoka mbali. Ni ule papa munamuona hapa.”

Baba alifungua mdomo. Prefe akamwambia afungue kwanza mfuko. Baba alikuwa na mfuko wa turubai aliokuja nao kazini kila siku. Prefe akauchukua, akaugeuza juu chini mbele yetu sote. Ikaanguka nusu ya chikwange, mkate wa muhogo, kwenye majani yake, miwani iliyofungwa kwa waya, na taulo dogo. Wanafunzi walicheka. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa, kwa maana chikwange ilibingirika mpaka kwenye miguu ya mwalimu wa hesabu, na kitu kinachobingirika huchekesha. Ninayemlaumu ni mmoja tu. Prefe naye alicheka.

Baba aliinama akaokota vitu vyake kimoja kimoja. Akapewa barua. Akaondoka.

Tangu siku ile wenzangu waliniita Mademoiselle Caillou, yaani Binti Kokoto. Baba alianza kutengeneza baiskeli za toleka, zile zinazobeba abiria mjini, chini ya kibanda cha mabati kando ya barabara yetu. Mikono iliyozoea mirija ya kioo ikawa myeusi kwa girisi. Mama yangu alikuwa akiuza makemba, ndizi za kupika, sokoni. Alikoma kwenda soko la karibu, akawa anatembea mpaka la mbali ambako hawakumjua. Alifariki nikiwa chuo kikuu. Kwenye matanga nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, “Ni bibi ya ule mutu wa mawe.” Hata mbele ya jeneza lake hakupata jina lake.

Lazima nitaje na upande mwingine, ingawa unanisumbua. Mke wa prefe alikuwa mtu mwema. Alikuwa marraine wangu, aliyenisimamia kwenye kipaimara kabla ya mambo haya, na hakuacha kuwa hivyo. Baba alinikataza kukanyaga nyumba yao, naye alijua. Basi kila Jumapili baada ya misa alinisubiri upande wa nyuma wa kanisa na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa: lituma ya makemba iliyopondwa vizuri, na samaki wa liboke, aliyepikwa ndani ya majani, bado ana joto. Alinipa bila maneno mengi. “Kula, mwana. Na papa naye akule.” Baba alikula. Hatukuwahi kuzungumza chakula kinatoka wapi.

Nilipomaliza chuo niliomba kupelekwa kwenye shule ile. Niliandika barua tatu kwa mratibu wa shule za Kikatoliki. Wenzangu walifikiri nataka kuwa karibu na nyumbani. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa karibu na yeye. Nilipofika, prefe alinipokea ofisini, mvi zimeanza kumtoka, akanipa mkono.

“Bon,” alisema, “mambo ya papa yako, siye tulishasahau. Hapa utafanya kazi yako muzuri tu.”

Yeye ndiye aliyesahau. Yeye ndiye aliyenisamehe mimi. Nilisema merci, papa prefe, nikaenda darasani nikaandika ubaoni kwa nguvu mpaka chaki ikavunjika.

Nilifundisha chini yake kwa miaka. Nilifika mapema, nilisahihisha kazi kwa wakati, sikumpa sababu. Nilikuwa nangoja, lakini sikujua nangoja nini. Kabati bado lilikuwepo, na mara nyingi nilisimama mbele ya nafasi zile kumi na mbili nikizisoma kwa namba.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, alishikwa na malaria mitihani ikiwa karibu. Kulikuwa na karatasi zinazohitaji sahihi yake, nami nikatumwa. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuingia katika nyumba ile. Mama prefe alinikaribisha sebuleni akaenda kumwamsha. Dirisha lilikuwa wazi, upepo wa mvua ukiingia, na juu ya rundo la magazeti ya zamani kando ya dirisha palikuwa na jiwe la kuyazuia yasipeperuke.

Nililijua kabla sijalishika. Jeupe la kuchafuka. Nikaliinua, nikahisi ule utelezi kama wa mafuta. Namba ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, na kwa kuwa jiwe lenyewe ni laini, kisu kilikuwa kimechimba kishimo. Nikaligeuza kwenye mwanga. Vidoa vitatu vya kahawia. Chembe ya risasi. Kona moja imechongwa bapa, kona ya baba.

Nilielewa yote nikiwa nimesimama pale. Mgeni wa Kinshasa alikuwa amechagua. Malakiti aliitaka, dhahabu aliitaka. Hili, lililokuwa adimu kuliko yote, hakulijua, akalikataa kama kipande cha chumvi. Na prefe alishindwa kulirudisha kabatini, maana tayari lilikuwa kwenye orodha ya vilivyoibiwa. Basi akalifanya la kuzuia magazeti.

Prefe alitoka chumbani akiwa na shuka mabegani. Aliniona nimelishika.

“Jiwe gani hii, papa prefe?” nikamuuliza.

“Ah, hiyo? Marbre tu. Nilitoka nayo Goma, zamani.”

Nikaliweka chini. Nikampa kalamu. Alitia sahihi karatasi zote na mimi nikamtakia afya njema, na hilo nililimaanisha kabisa. Sikutaka afe kwa malaria.

Nyumbani nilimwomba baba daftari lake bila kumwambia kwa nini. Alilitoa chini ya godoro, pamoja na barua ya kufukuzwa, iliyokunjwa mara nne. Sikuwa nimewahi kuisoma barua ile. Iliyataja mawe yote kumi na mawili, kwa orodha iliyonakiliwa kutoka kwenye ripoti ya baba mwenyewe, na la saba lilikuwa “kriolite, Groenland”. Chini, sahihi ya prefe, na mhuri.

Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa mratibu. Sikwenda. Nilitaka watu wawepo.

Sherehe ya kustaafu ilifanyika nyumbani kwake Jumapili moja mchana. Walimu wote walikuja, paroko alikuja, mratibu alikuja na suti yake. Palikuwa na kuku, samaki, bia, na viti vya plastiki vilivyokodishwa mpaka uani. Mratibu alitoa hotuba ndefu, akatangaza kwamba prefe ameombewa medali. Alimsifu prefe kwa nidhamu, akamsifu kwa kuijenga upya shule baada ya vita, akamsifu kuwa mtu aliyelinda mali ya shule kama mali yake. Neno hilo lilinifurahisha sana. Kisha wakasema mwalimu mmoja azungumze kwa niaba ya walimu wa sayansi. Nilikuwa nimeiomba zamu hiyo wiki mbili kabla.

Nilisimama. Nikamwomba mama prefe bakuli lake la saladi, lile la kioo, na maji safi. Alikwenda kuleta akitabasamu. Alifikiri nimewaandalia mchezo. Nikaenda dirishani nikalichukua jiwe. Nilimtazama prefe. Alikuwa bado anatabasamu, lakini glasi yake ilikuwa imesimama katikati ya njia.

“Bandugu,” nikasema, “nataka kuwaonyesha kitu.”

Nikalitumbukiza. Watu walisogea. Baada ya muda mfupi mwalimu wa jiografia akasema, “Mais, iko wapi?” Watu wakapiga makofi. Paroko aliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia maji, akavionyesha vile vidoa kwa kidole.

“Papa prefe,” nikasema, “uliniambia hii ni marumaru ya Goma. Marumaru inapoteaka mu maji?”

Aliiweka glasi mezani.

Nikafungua daftari la baba. Sikupaza sauti. Nikasoma: namba, kriolite, Groenland, nyeupe, kama imepakwa mafuta, hupotea majini, vidoa vitatu vya kahawia, kimoja umbo la haragwe, chembe moja ya risasi, kona ya kushoto imechongwa kwa ajili ya mshumaa. Nikalitoa jiwe likidondosha maji, nikampa mratibu alikague mwenyewe. Aliligeuza polepole. Akaligusa lile doa la umbo la haragwe.

“Vieux mwenyewe alinipatia,” prefe akasema hatimaye. “Papa yake. Ilikuwa cadeau. Mbele ya ile makelele yote.”

Nilikuwa nimeingoja sentensi ile, au nyingine ya namna yake. Nikakunjua barua.

“Basi kwa nini uliiandika hapa kama kitu kilichoibiwa? Namba saba. Na hii hapa chini, ni sahihi ya nani?”

Mratibu alisoma barua. Akaisoma tena. Nilisikia kuku mmoja aliyebaki hai akikwaruza uani. Mke wa prefe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la lituma, na alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anamtazama mume wake, kwa uso ambao sijawahi kuuona kwake kabla wala baadaye. Aliliweka sinia mezani kwa uangalifu, akarudi jikoni.

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kumaliza bia. Mimi nilimaliza sahani yangu. Nilikuwa na njaa.

Jioni nilimpa baba jiwe mkononi. Mratibu aliniruhusu nilichukue kwa usiku mmoja. Baba ni mzee sasa, na jicho moja halioni. Alilipapasa, akaipata ile kona kwa kidole gumba. Nilimsimulia yote, taratibu, bila kuacha kitu. Nilitegemea machozi, au shukrani.

“Ilikuwa mu salon?” akauliza.

“Ndiyo, papa. Sebuleni mwake.”

“Batu wangapi?”

“Kama arobaini.”

Aliligeuza jiwe kiganjani. “Miye alinifukuza mbele ya bendera. Mbele ya shule yote. Salon haitoshe.”

Nilidhani mimi ndiye mwenye kisasi katika nyumba yetu. Kumbe nilikuwa nimekirithi, na mwenyewe hakuwa amemaliza kukitumia.

Kesho yake nilikwenda kwa mratibu. Alitaka mambo yaishe kimya; alisema medali haitatolewa, barua ya kumsafisha baba itaandikwa, inatosha. Nikamwambia haitoshi. Nikamwambia prefe aseme mwenyewe mbele ya bendera, mbele ya wanafunzi, ama mimi na barua na jiwe tunakwenda kwa mwendesha mashtaka. Alinisihi kama Mkristo. Nikamwambia baba yangu pia ni Mkristo, na amengoja.

Ijumaa asubuhi nilimleta baba kwa toleka. Kijana wa baiskeli alikataa malipo, maana baba ndiye aliyemtengenezea magurudumu. Nilimwekea kiti cha plastiki mbele ya mistari, karibu kabisa na mlingoti. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la misa. Wanafunzi walimtazama bila kumjua. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa siku ile ya kwanza.

Prefe alikuja amevaa suti. Alisimama, akakohoa, akaanza kwa Kifaransa, kwamba zamani palitokea erreur administrative, yaani kosa la ofisini, la kusikitisha.

Baba aliinua fimbo yake kidogo. “Kwa Swahili,” akasema. “Siku ile ulisema kwa Swahili.”

Prefe alitazama mratibu. Mratibu alitazama viatu vyake. Basi prefe akasema, kwa sauti ya chini, kwamba papa huyu hakuiba mawe, na kwamba mawe yalitoka kwa ufunguo wake yeye. Wakati huohuo pikipiki mbili zilipita barabarani zikipiga honi, na wanafunzi wa nyuma wakaanza kuulizana amesema nini.

“Bale ba nyuma hawakusikia,” nikasema. “Rudia.”

Akarudia.

“Kwa nguvu.”

Akarudia mara ya tatu, kwa nguvu, na sauti yake ikakatika kwenye neno “miye”. Mwalimu mmoja alinishika kiwiko akaninong’oneza kwamba basi, yatosha. Niliutoa mkono wake. Nilitazama uso wa prefe mpaka mwisho, jinsi jasho lilivyoshuka kwenye kola, na sikuhisi huruma. Nilihisi kitu kama kushiba.

Kisha akasogea kwa baba na kunyoosha mkono. Baba aliuangalia kwa jicho lake moja. Mikono yake miwili ikabaki juu ya fimbo. Wakakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida mtu kusubiri mkono, mpaka prefe akaurudisha wake mfukoni. Kengele ikalia, wanafunzi wakaingia madarasani wakizungumzia mpira.

Jiwe lipo kabatini sasa, nimelipaka doa jipya na namba mpya. Mawe mengine kumi na moja hayakupatikana, wala mgeni yule hakujulikana alikokwenda. Baba alirudi mara mbili kunisaidia kuandaa majaribio, akachoka na ngazi, akaacha. Lakini alianza kwenda misa ya kwanza, ile yenye watu wengi, na kukaa mstari wa mbele.

Prefe alihamia Bengamisa, ana shamba kule. Sijui kama ameugua au amezeeka, na sijauliza. Watu wakinitajia jina lake kwa sauti ya kunihurumisha, nawauliza bei ya mafuta ya mawese.

Mke wake hakumfuata. Anakaa kwa dada yake hapa mjini na anauza samaki wa moshi sokoni. Mwanzoni nilipita njia nyingine. Halafu Jumamosi moja nilijilazimisha, nikasimama mbele ya meza yake, nikamwamkia kama nilivyozoea.

“Mbote, mama.”

“Mbote,” akasema. Mikono yake iliendelea kupanga samaki.

“Mama, sikutaka wewe uone vile. Ndani ya nyumba yako.”

“Lakini ulichagua nyumba yangu,” akasema. “Na bakuli langu.”

Ni kweli. Ningeweza kufanya yote shuleni tangu mwanzo, kama baba alivyotaka. Nilichagua sebule yake kwa kuwa nilitaka mume wake aangukie pale alipojisikia salama, na sikumfikiria yeye hata dakika moja, mimi niliyekula chakula chake miaka mingi. Nilinunua samaki wawili. Alinifungia kwenye karatasi, akanipa, akageukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Bado nanunua kwake kila Jumamosi. Ananijibu salamu, hazidishi neno. Mume wake ningemfanyia tena yaleyale kesho asubuhi, na mara ya nne ningemwambia arudie. Lakini kwa mama huyu, naendelea kusimama kwenye foleni.